Maswali ya Wasomaji: Muda Unaohesabika na Usiohesabika Bwawani

Toleo hili ni la kuogelea kwa mashindano ya kimataifa. Tumejibu maswali saba. La kwanza limechukua nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu ndilo lililoulizwa na wengi, kila mmoja kwa maneno yake.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16. Kwenye mashindano ya shule ameogelea mita 50 mtindo huru kwa sekunde 23.9, bwawa la mita 25, kocha akishika saa. Mzazi mwenzangu kaniambia huyo anakaribia Olimpiki. Ni kweli au ananifurahisha tu? (Mama wa mwogeleaji, Mikocheni, Dar es Salaam)

Mama, anakufurahisha, ingawa kasi ya kijana wako si haba. Tuipime kwanza hiyo 23.9 yenyewe.

Bwawa la mita 25 lilimpa ukuta wa kusukuma katikati ya safari. Anayegeuka vizuri hutoka ukutani kwa kasi ambayo mikono yake haiifikii, na mita saba au nane anazoteleza chini ya maji ni mita ambazo mabega yamepumzika. Ukuta huo mmoja humpunguzia mwanamume kati ya nusu sekunde na sekunde nzima katika mita 50. Halafu kuna saa ya mkononi. Kocha huibonyeza baada ya kusikia mlio, kwa hiyo mwanzoni huchelewa kidogo. Mwishoni anauona mkono ukija na kubonyeza papo kwa papo. Hapo huyeyuka kama sekunde 0.2, zote kwa faida ya mtoto. Mpeleke kwenye bwawa la mita 50 lenye pedi za kugusia za umeme na sisi tungetarajia kitu kama 24.7.

Kwa Olimpiki ya Paris 2024, muda wa kufuzu moja kwa moja katika mita 50 mtindo huru ulikuwa 21.96 kwa wanaume na 24.70 kwa wanawake. Itazame vizuri hiyo namba ya pili: ndiyo kasi ya mwanao leo. Kulikuwa pia na muda wa daraja la pili, uliolegezwa kwa asilimia 0.5 tu, yaani 22.07 kwa wanaume. Anayeupata huo hana tiketi bado. Anasubiri shirikisho la dunia, World Aquatics, liangalie kama nafasi zimebaki. Tofauti ya 22.07 na 24.7 masikioni ni ndogo. Majini ni zaidi ya mita tano. Mwenye 22.07 akigusa ukuta, kijana wako ndiyo kwanza anazikaribia zile bendera zinazoning'inia juu ya bwawa mita tano kabla ya mwisho.

Lakini kuna mlango wa tatu, na ndio waliopitia waogeleaji wengi wa ukanda wetu. Nchi isiyo na mwogeleaji aliyefuzu kwa muda inaweza kupewa nafasi ya uwakilishi: mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kwa Paris sharti lilikuwa mwogeleaji huyo awe ameshiriki mashindano ya dunia ya Fukuoka 2023 au Doha 2024. Anayedhani nafasi hizi hutolewa mwezi mmoja kabla ya Michezo amechelewa mwaka mzima: asiyekwenda mashindano ya dunia hayumo kwenye hesabu. Tanzania iliwakilishwa Paris na Collins Saliboko na Sophia Latiff, naye Mguinea wa Ikweta Eric Moussambani aliingia Sydney 2000 kwa mpango wa aina hiyo. Wapinzani wake wawili walitolewa kwa kuruka kabla ya ishara, akaogelea mita 100 peke yake kwa 1:52.72. Watu bado wanacheka. Wanasahau kwamba hakuwa na bwawa la mita 50 la kufanyia mazoezi nyumbani.

Wanapogombea nafasi moja wawili wanaoogelea mitindo tofauti, hulinganishwa kwa pointi za World Aquatics. Fomula yake inatosha kwenye kipande cha karatasi: chukua muda wa kipimo (rekodi ya dunia iliyopangwa kwa mwaka huo), ugawe kwa muda wako, jibu uliinue kwa kipeo cha tatu, kisha zidisha kwa 1000. Ukitumia 20.91 ya Mbrazili César Cielo ya mwaka 2009, mwenye 24.7 anapata pointi 606. Akishuka hadi 24.0 anapata 661. Kwa sababu ya kile kipeo cha tatu, kila sehemu ya kumi unayoipunguza inalipa zaidi kadiri unavyokuwa na kasi.

Kwa hiyo kwa mwaka huu: mwandikishe kupitia klabu iliyo mwanachama wa chama cha taifa, hakikisha pasipoti haiishi muda wake katikati ya msimu, na tafuta mashindano mawili ya bwawa la mita 50 yenye saa za umeme. Kabla ya kununua tiketi ya ndege, uliza swali moja kwa maandishi: mashindano haya yamo kwenye orodha ya World Aquatics ya mashindano ya kufuzu? Familia zimesafiri, mtoto akaogelea vizuri kuliko siku zote za maisha yake, na muda ule ukabaki kumbukumbu ya simu tu kwa sababu mashindano hayakuwa kwenye orodha.

Jambo moja la heri: Los Angeles 2028 kutakuwa na mita 50 za mgongo, chura na kipepeo, si mtindo huru peke yake kama ilivyozoeleka. Mkenya Jason Dunford alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola Delhi 2010 katika mita 50 kipepeo, mbio ambazo enzi zake hazikuwepo Olimpiki. Mwulize kocha kama kijana ana mtindo wa pili.

SWALI: Naanza vibaya. Kocha anasema nachukua sekunde 0.80 kuondoka jukwaani baada ya mlio, na wenzangu 0.68. Nifanye zoezi gani niwe mwepesi wa kusikia? (Kijana wa miaka 17, Nyali, Mombasa)

Sikio lako halina ubaya mkubwa. Hata ukishuka hadi 0.68 utakuwa umeokoa sekunde 0.12. Hela kubwa imelala kati ya kuingia majini na alama ya mita 15. Waogeleaji bora wa kiume wa mita 50 hufika alama hiyo kwa sekunde tano na kitu. Vijana wengi wa klabu huchukua zaidi ya sita na nusu. Mwombe mtu asimame pembeni na simu, sambamba na alama ya mita 15 (ile rangi tofauti kwenye kamba ya njia), apige video kuanzia mlio hadi kichwa chako kivuke. Fanya mara nane, pumzika dakika mbili kila mara, andika muda.

Video itakuonyesha kosa mojawapo kati ya haya. Nyonga zimekaa nyuma ya visigino ukiwa jukwaani, kwa hiyo unaanza kwa kujisogeza mbele badala ya kuruka. Ziinue, zipeleke juu ya mguu wa mbele, goti la nyuma likunje karibu pembe mraba. Au kidevu kiko juu unapoingia, maji yanakupiga usoni na miwani inateremka hadi mdomoni. Bana masikio kwa mikono, tazama chini. Au mikono inaingia pahali pake na miguu pahali pengine, kwa kishindo. Mwili mzima unatakiwa upite kwenye tundu moja. La mwisho, na ndilo la wengi: unapiga teke la pomboo (miguu yote miwili kwa pamoja) kabla mwili haujanyooka, kisha unaibuka na kuvuta pumzi mkono wa kwanza kabisa. Mikono mitatu ya kwanza uso ubaki majini.

Sheria inaruhusu kichwa kibaki chini hadi mita 15 katika mtindo huru, mgongo na kipepeo, lakini ruhusa si amri. Kama mateke yako ni dhaifu, kutoka mita 10 kutakufaa zaidi. Chura ina utaratibu wake: teke moja tu la pomboo linaruhusiwa, kabla ya teke la kwanza la chura.

Mambo mawili ya usalama hatuyafanyii mzaha. Penye majukwaa, kanuni inataka kina kisichopungua mita 1.35, kuanzia mita moja hadi angalau mita sita kutoka ukutani. Bwawa lako likiwa na kina kifupi kuliko hicho, usiruke, anzia majini. Na usivute pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzamia. Hilo huondoa ile hali ya mwili kudai hewa, ukapoteza fahamu chini ya maji bila onyo lolote.

SWALI: Binti yangu ana miaka 15, anafanya mazoezi mara tisa kwa wiki, kilomita tano kila mara. Bega la kulia linamuuma anapoinua mkono. Kocha anasema ni kawaida, atazoea. (Mzazi, Kampala)

Ni kawaida kwa maana ya kwamba linawapata wengi. Kuzoea hapana.

Fanya hesabu. Msichana wa umri huo hupiga kama mikono 40 kwa kila mita 50, ishirini kila upande. Kilomita tano ni mita 50 mara mia moja. Hayo ni mapigo 2,000 kwa bega moja, kila zoezi. Mara tisa, 18,000 kwa wiki. Kama mkono unaingia majini vibaya kidogo tu, ubaya huo unarudiwa mara 18,000. Kinachouma kwa kawaida ni kano za misuli midogo inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono ndani ya bega. Zikichoka, mfupa unapanda na kuzibana kila mkono unapopita juu.

Mtazame kutoka mbele, anapokujia. Mkono ukivuka mstari wa katikati ya kichwa, au kidole gumba kikitangulia kuingia, umepata mchawi. Mkono uingie sambamba na bega, vidole vya kati vikitangulia, kiwiko kikiwa juu kuliko kiganja. Angalia pia pumzi: anayepumua upande mmoja tu huulemea upande huohuo.

Kwa wiki mbili aache kabisa vibao vya mikononi na kile kibao cha kushikilia mikono ikiwa imenyooka mbele. Apige mateke kwa mgongo, mikono mapajani. Nchi kavu, mara tatu au nne kwa wiki: mpira wa kuvuta, kiwiko kikibana ubavuni, azungushe mkono kutoka tumboni kwenda nje, seti 3 za mara 15, kisha kuvuta mpira kuelekea kifuani huku akikutanisha mabega nyuma, seti 3 za mara 12. Maumivu yakimwamsha usiku, au yakiendelea baada ya wiki hizo mbili, daktari wa michezo amwone. Asisubiri hadi mashindano yapite.

Kuhusu kilomita: mwogeleaji wa mita 800 au 1500 hana budi kuzila. Wa mita 50 ana hiari. Mwaustralia Cameron McEvoy alipunguza sana umbali anaoogelea, akaongeza kazi ya nguvu nje ya maji, na akiwa na miaka 30 alitwaa dhahabu ya mita 50 Paris kwa 21.25. Si kila kocha anakubaliana na njia hiyo, na binti wa miaka 15 bado anahitaji msingi wa umbali, lakini kilomita 45 kwa bega linalouma ni ukaidi. Tungepunguza hadi mazoezi sita.

SWALI: Nina pumu na natumia dawa ya kuvuta ya salbutamol. Pia mtaani kwetu mirungi ni jambo la kawaida. Nikiitwa timu ya taifa nitapata matatizo ya vipimo? (Msomaji, Unguja)

Salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa bila kibali maalumu, mradi usizidishe mikrogramu 1600 kwa saa 24, na ndani ya kipindi chochote cha saa nane usizidi 600. Puliza moja ya kawaida ni mikrogramu 100, kwa hiyo mwenye kutumia puliza mbili asubuhi na mbili jioni hana shaka. Vidonge au sharubati ya salbutamol ni habari nyingine. Hivyo vinahitaji kibali cha matibabu kabla hujavitumia.

Mirungi, achana nayo. Ina kathinoni na kathini, na zote mbili zimo kwenye orodha ya vichangamshi vilivyopigwa marufuku wakati wa mashindano. "Wakati wa mashindano" huanza dakika moja kabla ya saa sita usiku wa kuamkia siku ya shindano lako, lakini mwili hautafuni na kutema kwa ratiba ya Shirika la Kupambana na Dawa Michezoni; uliyotafuna jana jioni yanaweza kuwemo kwenye mkojo wa leo. Kahawa haina kizuizi. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini zina kikomo chake, kwa hiyo soma boksi kabla ya kunywa.

Na usiseme "sikujua", kwa sababu jibu hilo halipunguzi mengi. Mtunisia Oussama Mellouli, akiwa mwanafunzi Marekani mwaka 2006, alimeza kidonge cha Adderall, dawa ya kuchangamsha, ili amalizie kazi ya chuo. Alifungiwa miezi 18 na taji lake la dunia la mita 800 la mwaka 2007 likafutwa. Aliporudi alitwaa dhahabu ya mita 1500 Beijing 2008, na London 2012 akaongeza ya kilomita 10 maji ya wazi.

Ukifika ngazi ya kuingizwa kwenye kundi la kupimwa muda wowote, utatakiwa kueleza kila siku unalala wapi, na kutaja dakika 60 kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku ambapo mpimaji akija lazima akukute. Ukikosekana au ukikosea kujaza mara tatu ndani ya miezi 12, unafungiwa kama aliyetumia dawa. Wengi huchagua saa ya alfajiri, wakiwa bado kitandani. Wanaoponzwa ni wale waliohamia hosteli nyingine na kusahau kubadilisha anwani.

SWALI: Binti yuko kidato cha tatu, anaogelea mita 100 chura kwa 1:13 bwawa refu (la mita 50). Tunapataje ufadhili wa chuo Marekani? (Baba, Nairobi)

Makocha wa huko wanahesabu kwa yadi, kwa hiyo mtafsirie muda kabla ya kuandika. Mabwawa ya mashindano ya vyuo ni yadi 25, yaani mita 22.86. Gawa muda wa bwawa refu kwa 1.15 hivi: 1:13 inakuwa kati ya 1:03 na 1:04. Kwa timu kubwa za Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo, huo ni muda wa kukaa benchi. Kwa Divisheni ya Pili na vyuo vidogo vya ya Kwanza unazungumzika. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo kabisa, ila chuo chenyewe kinaweza kusaidia kwa misingi ya alama au hali ya familia.

Ajisajili kwenye kituo cha ustahiki cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya huko. Divisheni ya Kwanza inadai masomo 16 ya msingi na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha 4.0, na cheti cha kigeni huchukua muda kukaguliwa. Kisha aandike mwenyewe (si baba) kwa makocha 30 au 40: mistari mitano, muda wa bwawa refu na tarehe zake, alama za shule, mwaka wa kumaliza, na video mbili, moja ya kuanza na moja ya kugeuka. Makocha wa Divisheni ya Kwanza wanaruhusiwa kujibu kuanzia 15 Juni baada ya mwaka wa pili wa sekondari yao ya miaka minne, kwa hiyo kidato cha tatu amefika wakati wake.

Uliza ufadhili unalipa nini hasa: karo pekee, au na chumba, chakula, bima na tiketi? Uliza pia nani atampeleka mabwawa ya mita 50 wakati wa likizo, maana muda wa yadi haumfuzishi mtu Olimpiki. Jason Dunford alisoma Stanford na Mzimbabwe Kirsty Coventry, sasa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alisoma Auburn. Wote walijipangia misimu ya bwawa refu. Marekani ikikwama, ulizieni chama cha taifa kuhusu mpango wa World Aquatics wa kufadhili waogeleaji kwenye vituo vya mazoezi. Dakar na Phuket vimewahi kupokea wengi.

SWALI: Vazi la mashindano la dola mia kadhaa lina faida gani? (Msomaji, Muscat)

Linabana misuli isitikisike na linapunguza maji kung'ang'ania ngozi, lakini mtoto asiyejua kugeuka halimsaidii kitu. Tangu 1 Januari 2010 mavazi ya plastiki yamepigwa marufuku: kitambaa tu, kiunoni hadi magotini kwa wanaume, mabegani hadi magotini kwa wanawake, na lazima liwe na alama ya kuidhinishwa na World Aquatics. Hakiki alama hiyo kabla ya kulipa. Za bandia zipo sokoni.

Kulivaa kunachukua dakika 15 au 20. Mwili uwe mkavu, kucha fupi, ulipandishe kwa nyama za vidole, kidogo kidogo, nyonga kabla ya tumbo. Linapasuka kwenye mshono wa nyuma pale mtu anapolivuta kwa kucha akiwa na haraka ya kuitwa. Lifue kwa maji baridi matupu, lianike kivulini, na usilivae mazoezini hata siku moja.

SWALI: Nina miaka 24, nimerudi kuogelea baada ya chuo. Nimechelewa? Na kuna pesa? (Kijana, Arusha)

Mmarekani Anthony Ervin alishinda mita 50 Sydney akiwa na miaka 19, akaacha, akarudi, akashinda tena Rio akiwa na 35. Mmarekani mwenzake Dara Torres alikosa dhahabu ya mbio hizo Beijing 2008 kwa sekunde 0.01 akiwa na miaka 41. Mbio fupi zinasubiri watu wazima. Mita 1500 usizifikirie.

Pesa ni chache. Mashindano ya dunia yamekuwa yakilipa dola 20,000 kwa dhahabu na nyongeza ya 30,000 kwa rekodi ya dunia, na mwenye kushika nafasi ya 30 anarudi na kitambulisho chake cha shingoni. Kuna ruzuku za Mshikamano wa Olimpiki, mpango wa misaada wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, zinazoombwa na kamati ya Olimpiki ya nchi, si na mwogeleaji. Usiache kazi. Ogelea saa 11 alfajiri mara tano kwa wiki, nyanyua vyuma mara mbili, na kabla ya mwezi wa sita uwe na muda mmoja wa bwawa refu wenye karatasi ya matokeo iliyosainiwa na mwamuzi mkuu.